Mshono wa Mtu Mwingine

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na wewe natumaini u mzima huko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli yako, ukinyoosha mashuka ya watu wasiokujua. Baba ametoka hospitali wiki iliyopita. Ni miezi mitatu na nusu tangu pikipiki imrushe mtaroni mbele ya duka la vitambaa. Mfupa wa kichwa umeunga, lakini mkono wa kulia unashika vitu kama wa kuazima, na upande wa kushoto wa kila kitu haupo kwake. Anakula nusu ya sahani na kusema ameshiba. Ukiizungusha sahani, anashangaa chakula kimetoka wapi.

Wageni hawakauki. Wanakaa, wanamtazama fundi aliyewashonea suti za harusi, halafu wananiuliza mimi, "Amekula?" Jirani wa ghorofa ya juu alimfunga vifungo vya shati bila kuombwa, kisha akapiga makofi. Baba akamwambia, "Mimi nimepasuka kichwa, sijazaliwa leo." Yule mama akacheka, akamfuta na mdomo pia.

Kijitabu chako cha kuhudumia majeruhi nimekipata, kurasa arobaini nzima. Asante. Nimekitia chini ya mguu wa meza na sasa haiyumbi.

Dada yako

26 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika na kejeli zake zote, hakuna iliyopotea njiani. Mimi sijambo.

Ungekifungua kabla ya kukikanyagishia meza, ungeona ukurasa wa tisa. Mtu aliyeumia kichwa aachwe akosee, aone alipokosea, arudie. Kichwa kinajifunza upya hivyo hivyo. Najua utasema nimegeuka daktari kwa kunusa sabuni. Sema tu, umeshanizoea.

Nina swali moja. Ameshagusa cherehani? Baba hana kitu kingine anachokijua wala anachokitaka. Asiporudi pale, hata akipona mkono na kichwa, tutakuwa tumemrudisha nani?

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Nimekusoma, Profesa wa sabuni, na sasa nisome mimi.

Baba amegusa cherehani. Mwanzoni mwa mwezi aliketi, akashona sketi ya shule kwa siku mbili, jasho likimtoka. Mfuko aliushona ukazibika, na pindo la upande wa kushoto hakulifikia kabisa. Akaniinulia, akawa ananiangalia usoni. Huyu mtu alikuwa amelala wiki nzima amegeukia ukuta, hataki uji wala maji. Ulitaka nimsomee ukurasa wa tisa? Nikamwambia imetoka safi.

Kesho yake gari la hospitali lilipokuja kumchukua kwenda mazoezini, niliifumua sketi yote nikaishona upya, kama alivyonifundisha. Mwenye sketi akaja, akaisifu mbele ya Baba. Baba alicheka. Sijasikia kicheko hicho tangu ajali. Tangu hapo nimefumua na kushona upya nguo saba, kila Jumanne na Ijumaa akiwa mazoezini. Anaamini mkono umerudi. Anakula, hata ile nusu ya kushoto nikimkumbusha.

Aliyeandika kijitabu chako aje ashinde na Baba siku moja, kisha aniambie nani anajua kuuguza.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikashindwa kukaa.

Unamcheka jirani kwa kumfunga Baba vifungo. Yeye alimfunga shati tu, tena hadharani, na Baba akapata nafasi ya kumtukana. Wewe unamdanganya kwa siri na yeye anakushukuru. Katika wote wanaoingia nyumba ile, hakuna anayemdharau kama wewe.

Mwambie. Mwambie kabla hajajua mwenyewe. Ameshona miaka arobaini, unadhani utamficha uzi?

Mdogo wako

20 Mei

Dada,

Shikamoo. Wiki saba sasa, na simu hupokei. Baba yu hai? Niandikie, hata kama ni matusi.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Baba yu hai, mimi mzima. Matusi leo sina. Niliyokuwa nayo nimejitukana mwenyewe.

Sikumwambia. Barua yako niliichana, nikasema huyu anajua nini. Halafu katikati ya Aprili mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili akaja amevaa suruali aliyoshonewa, anataka ipanuliwe kiuno. Baba akaingiza vidole ndani ya kiuno cha suruali kama kawaida yake, akaupapasa mshono. Akamwomba mwalimu aivue nyuma ya pazia. Akaigeuza, akapitisha kucha mwisho wa mshono, akahesabu. Unajua Baba humaliza mshono kwa kurudisha sindano nyuma mara tatu. Mimi, kwa woga wangu, hurudisha mara nne.

Akaniuliza, "Nguo ngapi?"

Nikamwambia kumi na tisa. Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia bila suruali, anakohoa.

Nilingoja anifokee. Alisema tu, "Hawa wengine nilijua ni wajinga. Wewe nilikuona fundi mwenzangu." Siku kumi hakunisemesha. Chakula changu hakukigusa. Alipandishwa ngazi kula kwa yule yule jirani, akafutwa mdomo na kutulia kimya. Hapo ndipo nilipojua amenishusha chini ya nani.

Siku ya kumi na moja aliniita. Akataka nimwonyeshe alikuwa amekosea wapi, nguo moja baada ya nyingine, nizishone tena na makosa yale yale. Nikakumbuka mfuko wa sketi. Nikakumbuka kola moja. Mengine nilishayafumua na nyuzi nimezifagia. Wiki sita za kazi yake nilizitupa jalalani, na ndizo alizokuwa anazihitaji. Ulisema kweli, na kukuandikia hivyo kunaniuma kuliko unavyofikiri.

Ameanza upya kwa vitambaa vya mabaki. Chumba cha kazi nimekatazwa kuingia nisipoitwa. Alhamisi iliyopita aliniita, akaninyooshea suruali, akawa ananiangalia usoni.

Nikamwambia, "Mbovu, Baba. Umekata mguu wa kulia mara mbili. Wa kushoto haupo."

Aliizungusha suruali taratibu kwa mkono mzima, mpaka akaliona kosa. Akasema, "Kumbe." Kisha akavuta kiti, akachukua wembe wa kufumulia, akaniambia nitoke.

Nimetoka. Hii ni siku ya tano anafumua, na mara mbili nimesikia wembe ukianguka chini. Sijaingia.

Dada yako