Siagi Nimeondoka Nayo

Baba Hirut,

Mimi na mtoto tumetangulia kwenu Emdibir kula sikukuu ya Meskel. Mlishe paka. Usisingizie duka, mtaa mzima umefunga na wenyewe wamekwenda kwao.

Asubuhi ndugu yako Wolde alipopiga simu, ulininong'oneza "Mwambie sipo" kwa sauti ya mnadani. Akacheka. "Shemeji, mwambie huyo asiyekuwepo kwamba wazee hawawashi moto wa sikukuu Jumamosi mpaka mimi na yeye tupatane." Basi kijiji kizima kitakaa gizani kwa ajili ya ua wa mpaka wenu uliosogea hatua mbili.

~~Nitawaambia unaumwa.~~ Nitawaambia ukweli: u mzima, umenuna.

Nyama uliyonunua ya kitfo iko jikoni, ikatekate mwenyewe. Kwenu nyama ni ya mume na siagi ni ya mke, nami siagi niliyoiweka mwaka mzima nimeondoka nayo yote. Bila siagi hiyo si kitfo, ni nyama mbichi tu.

Basi la mwisho kabla ya sikukuu ni kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Shuka lako jeupe la sikukuu usilitafute kabatini. Liko njiani.

Mama Hirut