Hewa Iliyojificha Kwenye Breki

Alhamisi, Kendu Bay

Bado hiyo pedali inazama. Oili ya breki ni mpya, paipu ni mpya, hakuna mahali panapovuja, na nimetoa hewa mpaka nimechoka. Ukikanyaga ni kama kukanyaga ugali ambao haujaiva.

Gari nimeichomelea mwenyewe, injini ni ya pikipiki, kwa hivyo sina wa kulaumu. Na mke wangu Akinyi anataka kesho tuteremke nayo mpaka ufuoni tukachukue dagaa wake wa omena.

Jioni nilienda ziwani kuchota maji. Nikazamisha mtungi, mdomo ukiangalia chini. Ukakataa kujaa. Nilipougeuza mdomo juu, hewa ikatoka bubububu. Kumbe hewa hutokea juu, si chini!

Nikakimbia nyumbani, nikalala chini ya gari. Ndiyo hiyo! Kaliper za mbele, zile zinazobana diski, nilifunga ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Nati ya kutolea hewa inaangalia chini. Hewa imekaa juu imetulia, mimi namwaga oili tu!

Nimezibadilisha, nikatoa hewa tena. Pedali sasa ni ngumu kama jiwe. Lakini hapa uani ni tambarare. Kwenye mteremko, sijui.

Nikamwambia Akinyi kesho nitateremka kwanza peke yangu.

"Hapana, Baba Apiyo. Nitakaa nyuma."

"Kwani sasa unaniamini?"

"Nikuamini? Wewe ukiachwa peke yako na hii gari, hutaruka hata ikiingia ziwani. Lazima niwepo nikuvute."

Na ni kweli.