Fasi Yenye Miti Ilikataa

Mujukulu wangu Ngoy,

Salamu ya huku Lubumbashi ikufikie huko Pweto. Tuko bazima. Nkambo yako Astrida, muke wangu, anakohoa kidogo, lakini misa ya asubui hakosake.

Unaniuliza, kwa hii bonde yenye balikupa, ulime upande gani ya mulonga, ule muto mudogo. Nasikia haya kukujibia. Mbele ya kukamata jembe, angalia kwanza wapi miti haipende kumea. Miye sikuangalia.

Nilikuwa nimetoka tu kumuoa nkambo yako. Njia ya Kipushi, bengine balikuwa banakata miti pembeni ya mulonga, banangoa bisiki, jasho inawatoka. Miye nikaona kule juu fasi wazi, majani mafupi na maua ya violet, muti hata moja. Nikabacheka, nikapanda pale. Nikamuambia mama-mukwe: "Mama, mwaka huu utakula mahindi ya mukwe yako."

Mahindi ikatoka manjano, ikafika kwa magoti, ikakauka. Bazee njo baliniambia kiisha: udongo ya pale iko na mukuba, ile shaba, na mukuba inauaka mizizi.

Siku ya kuvuna, mama-mukwe alikuya na kikapu kikubwa. Aliangalia shamba. Akatosha kitambaa yake ya kichwa, akafunika nayo kikapu, ili bantu ba njiani basione kama iko butupu. Akarudia kwake kichwa wazi, mbele ya bote.

Miye nkambo yako,
Tate Kabwe