Redio ya Yaya Modeste haizimwi na ufunguo

Ruashi, Jumamosi, 7 Juni

Yaya Modeste, kaka yangu mkubwa,

Leo kuna baridi na vumbi. Asubuhi nilikaribia kumtoboa mtu.

Gari lako limetengenezwa. Mlango umenyooshwa, kioo ni kipya. Jumatatu nitaanza kuliendesha mimi, barabara yako ileile ya Kasomeno, kubeba abiria na samaki wakavu. Ilibaki redio tu. Nikamwita Trésor, fundi wa umeme wa magari hapa mtaani.

Tulipofungua dashibodi niliona alama za nondo. Wale majambazi waliipiga redio kama walivyokupiga wewe, bila kuangalia wanapiga wapi. Uso wake umepasuka, vitufe vimezama ndani. Waliivuta, ikakataa kutoka. Damu yako ilikauka juu ya nyaya, ngumu kama gundi. Niliikwangua kwa ukucha. Kisu sikuweza.

Wewe ndiye uliyekuwa unachinja kuku wa Noeli, mimi ukinituma dukani nisimsikie akilia. Sasa nikisali naona shingo za wale watu, na mikono yangu imezikaba.

Trésor alichungulia nyaya, akacheka.

«Aba! Nani alifunga ba fil hivi? Nyekundu na njano pamoja, mpaka kwa batri! Na ufunguo iko ya kazi gani? Huyu muntu alikuwa anaua batri. Leta pense, nakata.»

Aliposhika pense, ile koleo, nilimkamata mkono, nikaupinda mpaka ikaanguka. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshainua bisibisi.

«Papa Jeannot! Achia! Unapenda kuniua juu ya fil?»

Nikaachia. Nikamweleza.

Ulifunga hivyo makusudi, ili abiria wasikilize muziki wakati uko chini ya gari na ufunguo uko mfukoni. Asubuhi ngapi nilikusukuma, betri imekufa, nikinung'unika! Siku ile walikuvunja kichwa, wakachukua pesa na simu, wakautupa ufunguo porini, wakakuacha kwenye majani. Lakini redio iliwashinda kuizima. Wachoma makaa wawili walisikia nyimbo mahali pasipo na nyumba, wakazifuata. Walikukuta bado unapumua. Mmoja alikushika kichwa, mwingine alikulowesha midomo kwa maji, mpaka mwisho.

Hukufa peke yako.

Trésor aliokota pense, akaifuta kwenye suruali.

«Basi sitakata, papa. Lakini tutie fizibo, gari isiungue na wewe ndani.»

Tukatia fizibo, ile fyuzi inayokata umeme ukizidi. Tukaweka nyaya nene zaidi, tukakwangua kutu pale waya wa masi, ule wa hasi, unaposhika chuma, tukafunga redio mpya na spika mpya milangoni. Sauti ni safi kuliko wakati wako, usikasirike. Nikazima gari, nikatoa ufunguo, nikatembea mpaka barabarani.

Ilikuwa bado inaimba.

Jumatatu nitapita pale walipokusimamisha. Nitaongeza sauti. Natamani kukutana nao, yaya, nondo ikiwa chini ya kiti changu. Halafu nakumbuka mkono wa Trésor ulivyolia ndani ya mkono wangu, na naogopa.

Nondo niliyokuwa nimeificha garini nimeirudisha nyumbani, nyuma ya mlango. Nitaondoka na redio tu.

Huko uliko, unikumbuke.