Mwaka Baba Alipogombea kwa Alama ya Nyumba

Jumapili, Bariadi. Mvua imeanza kabla hatujatoka kanisani na mpaka sasa inanyesha. Moyo wangu mzito kidogo.

Nimezima simu. Tangu kura za maoni zianze, watu wa chama kimoja, waliokula sahani moja mwaka jana, wanavuana nguo hadharani. Nimejikuta namfikiria baba.

Baba yangu, Nkwabi, aligombea ubunge mara moja tu maishani, enzi za Ujamaa, chama kilipokuwa kimoja. Vijana wa sasa wanadhani enzi zile zilikuwa za amani kwa sababu hapakuwa na wapinzani.

Wapinzani walikuwepo. Walikuwa humo humo ndani.

Tuliishi kijiji kimoja karibu na Malampaka. Nilikuwa nasoma chuo cha ualimu na nilirudi nyumbani likizo. Baba alilima pamba na alikuwa katibu wa kijiji. Rafiki yake mkubwa alikuwa Masanja, mwalimu wa shule yetu. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwaka ule baba agombee, Masanja amnadi. Siku ya mwisho ya kuchukua fomu, Masanja naye akachukua. Hakuja kusema. Baba aliambiwa na mtu aliyekutana naye mnadani.

Mkutano mkuu wa wilaya ulipopiga kura, majina mengi yalianguka, na mwishoni yakabaki mawili: la baba na la Masanja. Kwa utaratibu wa wakati ule mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, kisha wakapakiwa kwenye Landrova moja pamoja na wasimamizi, wazunguke jimbo lote. Watu wawili wasiosalimiana, goti kwa goti, wakila vumbi moja. Wakiteremka, wanakisifu Chama kwa sauti moja.

Jembe likaenda kwa Masanja. Baba akapata nyumba.

Kwetu Usukumani hilo lilikuwa pigo. Nani asiyependa jembe? Tena miaka michache nyuma, watu walipohamishiwa vijijini, baba ndiye aliyesimamia majirani kuhama, na wapo ambao nyumba zao zilibomolewa yeye akiwa amesimama pale. Mzee mmoja akamuuliza mkutanoni, kwa upole kabisa, "Nyumba ipi, Nkwabi? Ile mliyotubomolea?" Watu walicheka mpaka msimamizi akagonga meza.

Baba aliamini swali lile limetumwa na Masanja. Mkutano uliofuata akasema Masanja aliwaficha ng'ombe wake kwa wajomba zake huko Kimali ili wasihesabiwe. Ikawa hivyo kila walikokwenda. Huyu akirusha, yule anarudisha. Nyumbani baba alikonda, akawa mkali kwa mambo madogo.

Kisha likaja la mama.

Mama mzazi wa Masanja, Bibi Holo, alikuwa mjane aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi, kama ya wanawake wengi wa huku ambako kuni ni za shida. Macho ya namna ile yamewaponza vikongwe wengi kwetu. Wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa ajili ya macho tu.

Mpiga debe wa baba alikuwa mdogo wake, baba mdogo Mayunga. Mchana mmoja alikuja nyumbani, akala ugali, akaeleza kwa furaha kwamba sasa watu wameanza kuliogopa jembe. Alikuwa akiwaambia kwamba Masanja anabebwa na dawa za mama yake.

Nilimtazama baba, nikaona anawaza kura.

Mama yangu ndiye aliyejibu. Alikuwa anachambua pamba, na hakuinua macho. "Yule mayu, mama wa watu, ndiye aliyewapokea watoto wako wote walipozaliwa," alimwambia baba.

Baba akatoka nje.

Haikupita wiki, ndama wa jirani yake Bibi Holo akafa. Wanawake wakaacha kwenda naye kisimani. Asubuhi moja akaamka na kukuta mlango wake umekatwakatwa kwa panga, na hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Masanja alikuwa na habari. Lakini angemchukua mama yake kwake, watu wangesema kumbe ni kweli, dawa imehamia kwa mgombea. Akamtuma mtu ampelekee mahindi. Kwa miaka mingi nilimchukia kwa hilo. Siku hizi namwonea huruma.

Siku ile ile ya mlango baba alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Alikwenda mchana kweupe, watu wakimwona, akamleta Bibi Holo na kuku wake na vyungu vyake. Nikampa kitanda changu. Bibi aliuliza jambo moja tu, kama mwanawe anajua yuko wapi. Baba akasema atamwambia.

Alimwambia mbele ya watu wote. Mkutano wa Malampaka, karibu na stesheni, ulijaa kuliko yote, nami nilikuwepo. Zamu yake ilipofika, baba hakugusa bei ya pamba wala barabara.

"Mama wa Masanja yuko kwangu," alisema. "Anakula chakula changu. Anayemwita mchawi aje aniambie mimi. Na kura yake siitaki."

Akakaa. Muda wake ulikuwa bado mwingi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mayunga na wenzake waliinuka wakaondoka. Masanja alisimama, akaanza kuzungumzia shule, akaacha katikati, akakaa naye. Walipokuwa wanapanda gari alimpa baba mkono. Baba aliupokea huku anatazama upande mwingine.

Baba alishindwa, tena vibaya. Hata ndugu zetu walilipigia jembe kura, wengine kwa hasira, wengine kwa hofu.

Kabla ya kwenda bungeni, Masanja alikuja kumchukua mama yake. Bibi alimpikia, akamtazama akila mpaka akamaliza, kisha akakataa kuondoka. Alimwambia, "Wewe ni mwanangu na nimekubariki. Lakini hapa ndipo ninapopata usingizi."

Alikaa nasi mpaka uzee ulipomchukua, kitandani, akiwa ameshikwa mkono na mama yangu. Siku ya mazishi baba na Masanja walikaa mkeka mmoja. Urafiki haukurudi. Walisalimiana kwa heshima hadi mwisho, basi.

Nilipenda kuwasimulia watu kisa hiki kana kwamba baba alitoa ubunge kama mtu anayetoa kikombe cha maji. Mpaka nilipomuuliza mwenyewe, akiwa mzee, tumekaa uani.

"Niliutaka sana ule ubunge, mwanangu," alisema. "Mpaka leo unaniuma."



Nimefurahi kwamba aliniambia. Usiku huu najiuliza: ningekuwa mimi, ninaitaka nafasi kwa kiasi kile, na ndugu zangu wameshanitengenezea njia ya kushinda, ningekwenda kumchukua yule bibi?

Sijui. Na sitaki kujidanganya kwamba najua.