Kiti Chako Amekichukua Myao

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike umekuwa na maringo, husemi na mtu. Arobaini yako imepita. Pilau imeliwa, na mjomba alilewa kabla ya sala, kama ulivyotabiri.

Nakuandikia kwenye daftari langu la kidato cha pili, ambalo lina kurasa nyingi safi kwa sababu unazozijua. Usicheke. Chilangala nzima hakuna kijana wa rika langu anayeandika barua. Wenzangu wanatumiana sauti kwenye simu, mimi naandika, tena kwa mwandiko wa kuunganisha. Na habari yenyewe itakuudhi, kwa hiyo jiandae: kiti chako amekichukua Bibi Somoe.

Ndiyo. Myao wako.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukasema nimekuficha kitu. Unakumbuka ile siku tuliyokwenda Newala mjini, wakati wa kupulizia mikorosho, wageni wa kanisa walipokuja kupima watu wasiotembea? Nilikubeba mgongoni kutoka stendi mpaka uwanja wa kanisa, na mji mzima ukaona mwanamume ni nani. Mashine ya kupulizia dawa ni nzito, lakini haimkabi mtu shingo wala haimwamrishi asimame asalimie kila mtu. Halafu yule Mzungu mrefu, tuliyemwita Baba Futi, akapiga magoti kwenye mchanga, akakuzungushia futi kiunoni, na wewe ukapaza sauti: "Jamani, ananipima makalio na mume wangu yupo hapa anatazama!" Mkalimani alikataa kutafsiri. Baba Futi akaandika namba zake, akasema watarudi na kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa kipimo chako wewe, si cha mwingine.

Hukungoja. Korosho za kwanza zilipoanza kudondoka na wewe ukaondoka, usingizini, bila hata kuniamsha nikubebe.

Sasa nikitembea najiona mwepesi mpaka nayumba. Hilo usimwambie mtu huko.

Lakini aliyeumia zaidi ni Bibi Somoe. Kila Alhamisi nilikuwa nakubeba mpaka uani kwake, mnakaa, mnatukanana mpaka jua linashuka. Yeye anakuita mla panya. Wewe unamwambia Wayao jembe wanaliona kwenye picha, wanachojua ni ngoma tu. Mkimaliza mnagawana mihogo. Mgeni angekimbia kuita mgambo, kumbe ni watani, Mmakonde na Myao, kila mmoja anafanya kazi yake.

Siku ya kukuzika hakuja. Mguu wake mmoja ulikatwa Masasi kwa sababu ya kisukari, huo uliobaki hauna nguvu, na anatembea kwa kigoda: anakaa, anakisogeza, anakaa tena. Kutoka kwake mpaka makaburini angefika Pasaka. Na mimi niliyekuwa miguu yenu nyote wawili nilikuwa nimeshika jeneza. Sikumkumbuka, Bibi. Nakwambia wewe peke yako. Ukashushwa kaburini bila mtani wa kuwazuia njia wabebaji, bila mtu wa kukuigiza watu wacheke. Mazishi yalikuwa na adabu mpaka yakachosha.

Baada ya hapo akanyamaza. Nilimpelekea dumu zima la maji, na unajua maji ya huku yanavyotafutwa, hakunitukana hata kidogo. Akasema, "Asante, mwanangu." Nikaogopa. Mwanawe Rashidi, yule mwenye duka Tandahimba, akanipigia simu: "Dastani, mama hali. Majirani wanasema ugali anaugeuzageuza tu." Nikajua huyu anakufuata. Amekaa palepale kwenye kigoda, na anakufuata.

Wiki iliyopita Fuso likapanda kutoka Masasi limejaa viti, vina tairi nene za kukanyaga mchanga wetu. Nilikwenda Newala kutoa taarifa kwamba hupo, haki ya Mungu, hilo tu. Lakini yule mama Mzungu mwenye orodha aliposoma "Valentina Chitanda," mdomo wangu ukajibu "Yupo!" kabla sijaushauri. Ni mazoea. Akauliza yuko wapi. Nikasema anakuja. Akasema gari linarudi Masasi saa kumi, na asiyekuja kukaa mwenyewe akapimwa, kiti chake kinarudi stoo.

Ilikuwa saa sita.

Nikakitazama. Jina lako lilikuwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi nyuma ya kiti. Sitaki uongo, wazo la kwanza lilikuwa nikae mimi, nijisukume mpaka kijiweni, wenzangu wakome. Wazo la pili ndilo lililonipandisha kwenye bodaboda ya Hamisi, tukarudi Chilangala mbio.

Nikamkuta Bibi Somoe anachambua choroko. Nikamweleza.

"Kiti?" akasema. "Nani kakutuma? Wakati wa kuandikisha marehemu alinibembeleza nikakataa. Mimi si ombaomba."

"Hiki ni chake, Bibi. Kimebaki."

"Basi kamzike nacho."

Nikapiga magoti. Nikabembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumpa hata msichana. Hakuna. Hamisi akapiga honi nje. Ndipo akili yangu, ile aliyoikataa mwalimu wa hesabu, ikafanya kazi. Nikasimama, nikajipangusa magoti, nikasema kwa dharau kabisa: "Sawa. Mmakonde kafa, kaacha mali, mali inarudi Masasi, na mtani wake yupo hapa na choroko. Nitawatangazia watu kwamba Wayao siku hizi wamekuwa wapole."

Choroko zikamwagika zote.

"Nani mpole? Nani? Lete ushungi wangu!"

Tulipanda mshikaki, Hamisi mbele, yeye katikati, mimi nyuma, tumefungwa pamoja kwa kanga kama kuni. Njiani nikamfundisha: "Wakiita Valentina, itika." Akanijibu bila kugeuka, "Niitike jina la mla panya? Nyamaza kabla sijakuangusha." Nani angemwangusha nani hapo, mimi sijui.

Tukafika saa tisa imeshapita. Baba Futi akamkalisha, akapima kiuno, akatazama karatasi, akapima tena, akatabasamu. Bibi, jikaze: mmelingana. Miaka yote ile ya kubishana nani mnene, na jibu ni kwamba mlikuwa mnapoteza muda. Kwa kuwa mguu ni mmoja, akataka kufungua sehemu moja ya kukanyagia. Bibi Somoe akampiga kofi la mkononi. "Acha. Hapo nitaweka kikapu."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu Baba Futi akainamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili alichojifunza, "Valentina, tuombe."

"Mimi si Valentina," akasema Bibi Somoe. Alisema kwa sauti ya kusikika sokoni. "Valentina amekufa. Mimi ni Somoe, Myao, mtani wake. Sikuomba kiti kwa mtu. Nimekuja kuchukua mali ya marehemu."

Mkalimani wetu ni kijana wa Dar, utani wa huku haujui. Sijui alitafsiri nini, lakini nyuso za wale Wazungu zilikuwa za watu walioambiwa kuna jambazi. Mama wa orodha akafunika faili. Akasema anasikitika, jina si hilo, kiti kitarudi Masasi na huko wapo wanaongoja. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, na mtu mpole utagombana naye vipi?

Nikamtolea Kiingereza changu chote. Kiliisha haraka.

Baba Futi akaniuliza kupitia mkalimani: wewe ni nani wa marehemu? Nikasema ukweli. Mumewe. Akanitazama mimi, miaka kumi na tisa na ndevu saba, akatazama karatasi yako yenye miaka sabini na sita. Akakaa chini mchangani.

Mwokoaji wetu alikuwa padre aliyekuja na gari, Mmakua wa Masasi. Alikuwa ameegemea ubavu wa Fuso anafuta machozi ya kicheko. Akaja, akawaeleza polepole kwa lugha yao. Kwamba huku bibi humwita mjukuu mume, na hakuna ndoa iliyofungwa. Wakapumua. Kwamba mtani ana haki yake msibani, na akija kuchukua kitu cha marehemu ndugu hawamzuii. "Wanachoweza kumuuliza," akasema sasa kwa Kiswahili, akimgeukia Bibi Somoe kwa utani, "ni kwa nini amechelewa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nimechelewa kwa sababu hakuna aliyenibeba," akasema.

Bibi, nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilivihesabu. Vyote vipo.

Mkalimani akatafsiri hilo, na safari hii nadhani alitafsiri sawasawa, maana mama wa orodha alifungua faili tena. Akauliza kama familia ya Valentina inakubali. Nikasema familia ni mimi, inakubali, tena inasaini. Nikasaini kwa mwandiko wa kuunganisha. Akachukua kalamu akataka kulikata jina lako kwenye kile kikaratasi, Bibi Somoe akakifunika kwa kiganja. "Liacheni. Langu andikeni chini yake." Kisha akamwachia Baba Futi aombe, akakinga mikono, akaitikia Amina kubwa kuliko ya kwaya. Aliniambia baadaye kwamba Mzungu huyo sala zake fupi, anafaa.

Kiti kikarudi juu ya Noah ya mwalimu mmoja anayeishi huku, sisi ndani. Bibi Somoe hakutaka kushushwa kwake. "Makaburini," akasema. Nikamsukuma. Mabibo ya korosho yalikuwa yametapakaa njia nzima, tairi zinateleza, na kila shimo ananilaumu kana kwamba nimelichimba mimi.

Alipofika kwako akafanya kazi yake. Alikuigiza unavyovuta ugoro, unavyopiga chafya, unavyosingizia vumbi. Alikuwa wewe kabisa, nikacheka mpaka nikashika mti. Kisha akaniambia, "Wewe toka, haya si ya watoto." Nikasimama mbali, lakini masikio yangu unayajua.

"Mmakonde wee," alisema. "Unatangulia halafu unaniachia kiti. Nani alikwambia nimechoka kukaa chini?"

Akacheka. Halafu hakuwa anacheka tena. Sikusogea. Mimi niliyeshindwa kutulia mbele ya mwalimu mkuu, nilihesabu mabibo mpaka aliponiita.

Jioni ile alikula ugali akamaliza, akaniambia mboga yangu haina chumvi, akaniita mtoto wa wala panya asiyejua kupika. Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Sikumkumbatia, angenipiga.

Basi, Bibi, ahadi yangu ndiyo hii, na hii sitaikimbia kama nilivyoikimbia shule. Tairi likitoboka nitaliziba. Nati ikilegea nitaikaza. Akitaka kwenda msikitini nitamfikisha mlangoni, akitaka sokoni nitamfikisha, na akitaka kuja kukutukana nitamleta hata mvua inyeshe. Akitokea kufiwa tena na mtu, nitapita kwake kwanza, ndipo nikashike jeneza.

Pumzika, mke wangu. Usimjibu haraka, mwache aseme. Alikuwa na mengi.

Ni mimi,
Dastani wako