Oili Kwenye Rejeta ya Shangazi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Msichana, miaka 18, mwanafunzi wa sekondari. Anaishi kwa shangazi yake, nyuma ya soko. Ameomba kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa akianza kusema sauti haitoki.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakodisha viti vya sherehe na kuvipeleka kwa pikapu yake. Ndiye mlalamikaji. Aliyeko mahabusu ni fundi wa gereji ya jirani. Tunamwita Taratibu, maana hilo ndilo neno lake kwa kila mteja mwenye haraka.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, shangazi aliniambia nikaongeze maji ya rejeta. Wiki hiyo Taratibu alikuwa ameifungua injini na kubadilisha gasketi, ile inayozuia oili na maji visichanganyike.

Nyumbani kwetu chupa ya maji ya kunywa haitupwi. Sabuni ya maji, mafuta ya taa, oili, maji ya rejeta yale yenye dawa, vyote vinahamishiwa humo na kupangwa stoo bila alama. Shangazi anavijua kwa macho. Mimi sivijui. Maji ya rejeta na oili mpya vyote ni vya njano. Ningeuliza, lakini jana yake alikuwa amewaambia wageni, "Huyu vitabu vimemjaa mpaka masikioni, lakini mtume chumvi akuletee sukari." Walicheka sana. Nikaona bora nisiulize.

Nilichukua chupa nikamimina. Ilikuwa inashuka polepole, nzito. Nilijua ni oili kabla haijafika nusu. Shuleni nimeshaeleza kwa Kiingereza kwa nini mafuta hayachanganyiki na maji, nikapewa alama zote. Nikamimina maji juu yake, nikafunga kifuniko, nikanawa mikono.

Jumatatu alasiri pikapu ilichemka njiani ikiwa na viti vya mteja, ikavutwa hadi gereji. Shangazi aliniita nishike tochi. Taratibu alisubiri injini ipoe, akafungua rejeta. Ndani mlikuwa na utelezi mweupe-mweupe, mzito kama uji.

"Gasketi yako hiyo!" shangazi akasema. "Umenifungia ya zamani, mpya umeuza."

"Taratibu, dada yangu."

"Taratibu yako ndiyo imeniponza!"

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akasema kama gasketi ingekuwa inapitisha oili kwenye maji, basi oili ya injini ingepungua. Lakini ilikuwa palepale alipoiacha, safi, haina hata tone la maji.

"Hii imetoka nje," akasema. "Nani aliongeza maji mara ya mwisho?"

"Usinigeuzie kibao wewe!"

Tochi nilikuwa nimeielekeza chini. Taratibu aliniangalia, kisha akaangalia mkono wa sweta langu la shule, ambao una doa la oili mpaka leo. Nilingoja aseme.

"Shika vizuri, mwanangu, nisije nikajikata," akasema. Basi. Akafunga rejeta.

Shangazi alikuja kuripoti hapa kituoni, na Jumanne Taratibu akakamatwa. Usiku huo mezani shangazi alinipakulia nyama nyingi kuliko yake, kwa kuwa nilishika tochi mpaka mwisho. Nilikula yote.

Leo Jumatano asubuhi nimemletea shangazi kitambulisho alichokisahau nyumbani. Nikamwona Taratibu nyuma ya kaunta, amekaa sakafuni bila viatu. Nilimwamkia kwa mazoea.

"Marahaba," akasema. "Mbona hujaenda shule?"

Nikamwomba afande karatasi.

Sijatumwa na mtu wala kutishwa. Niliyoandika ndiyo ninayoyajua. Shangazi hajayasikia bado, yuko kwenye benchi la nje.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni yake. Kabla ya kutia sahihi aliomba maneno "kwa bahati mbaya" yafutwe pale alipoandika kwamba alimimina maji juu ya oili. Yamefutwa. Ameomba pia mlalamikaji aitwe ndani wakati yeye bado yupo. Ameitwa.